Seva ya Asyut

Joto lilifika digrii sitini na moja Nermin akiwa hajamaliza hata nusu ya chai yake.

Alisukuma glasi pembeni, akaandika tena. Seva ya kampuni ya mabasi ilikuwa Asyut. Yeye alikuwa Cairo, mtaa wa Shubra, kwenye meza ya kulia ya mama yake, na kilichowaunganisha ni mstari mmoja mweupe kwenye skrini nyeusi. Ndani ya seva mlikuwa na kijimashine kisicholala, hata seva yenyewe ikizimwa. Ukikiandikia amri kinatii: washa, zima, niambie joto. Hakina picha wala sauti. Kinajibu neno moja moja, kama mtu aliyenuna.

Sitini na tatu.

Aliamuru feni zote zizunguke kwa nguvu ya mwisho. Kikajibu: SAWA. Kisha: sitini na nne. Basi kiyoyozi cha chumba ndicho kilichozimika, na kiyoyozi hakiandikiwi amri. Kinataka kidole cha mtu. Joto likifika themanini na tano seva ingejizima yenyewe. Ilikuwa Jumatatu, siku nne kabla ya Idi Kubwa, na viti vya abiria elfu kumi na moja wanaorudi kwao kuchinja vilikuwa humo.

"Nermin!" mama yake aliita kutoka jikoni. "Leo huendi kazini?"

"Niko kazini, mama."

Akampigia Am Bastawisi, mlinzi wa ofisi ya Asyut, mzee aliyekaa kwenye mlango ule tangu Nermin hajazaliwa.

"Am Bastawisi, uko wapi?"

"Nitakuwa wapi, binti yangu? Mlangoni."

"Hebu ingia chumba cha mashine, haraka. Kuna joto?"

Kitu kiligongwa, pengine mlango.

"Nimeingia. Joto gani? Hapa nataka blanketi."

"Mashine inaniambia sitini na nane."

"Mashine yako ina homa. Ipe limau."

"Na huo mvumo ni wa nini?"

"Kiyoyozi, bashmuhandisa." Mzee hakusahau kumpa cheo chake cha uhandisi. "Kinafanya kazi yake, mashallah."

Kilivuma, kikanyamaza, kikavuma tena. Nermin hakuwahi kusikia kiyoyozi kinachopumua. Akaandika amri ya taa ndogo ya buluu iliyo mbele ya seva, ile ambayo fundi huiwasha akiwa mbali ili aliye chumbani aijue mashine yenyewe kati ya nyingine.

"Nimekuwashia taa ya buluu. Unaiona?"

"Naiona! Inawaka kama fanusi ya Ramadhani."

Kidole cha Nermin kilikuwa bado kinaning'inia juu ya kitufe cha kutuma.

"Am Bastawisi," alisema polepole. "Sijaiwasha."

Mvumo ulikuja, ukaenda. Kisha, karibu kabisa na simu, mtu akapaza sauti: "Freska! Freska tamu!" Na freska, vile vibiskuti vyembamba vya asali, haiuzwi kwingine ila ufukweni.

"Uko baharini!"

"Ras el-Bar," mzee alikiri. "Siku ya sita leo. Wajukuu walinililia, ningefanyaje?"

"Umeiacha ofisi? Msimu huu? Nampigia meneja sasa hivi!"

"Mpigie, ila paza sauti, upepo wa huku ni mkali. Meneja wako, Ustadh Wagdi, yuko mwavuli wa tatu kutoka wangu. Anajifanya hajaniona, na mimi najifanya sijamwona."

Sabini na tisa.

"Mashine inakufa nanyi mnaogelea! Mlinzi gani wewe? Kazi yako ni moja tu, kukaa pale!"

"Na yako je?" Mzee naye alikuwa amepandwa na hasira. "Chumba cha mashine kiko hatua nne kutoka kwenye meza yako! Mwaka mzima nakuandikia uongo kwenye daftari: bashmuhandisa kaingia saa mbili, bashmuhandisa katoka saa kumi. Ungeinuka ukaangalia mwenyewe!"

Nermin alihesabu kwa vidole. Ofisi ya Asyut ilikuwa na wafanyakazi watatu: meneja, mlinzi na yeye. Hakukuwa na wa nne.

Themanini na moja. Hakuna aliyekata simu. Yeye alisoma namba kwa sauti, na huko baharini mzee alianza kuomba dua. Themanini na mbili. Themanini na tatu. Themanini na nne.

Themanini na nne.

Themanini. Sabini na tatu.

"Inashuka," alinong'ona.

"Umefanya nini?"

"Sijafanya kitu."

Simu nyingine ikaingia juu ya ile. Nermin aliitazama namba. Ilikuwa namba ya simu ya mezani kwake mwenyewe, Asyut.

"Bashmuhandisa Nermin?" Ilikuwa sauti ya mwanamume, ya upole, iliyochoka. "Samahani kukusumbua, namba yako nimeikuta chini ya kioo cha meza. Ile mashine ya chumba cha kushoto imeanza kulia kama ndege inayoruka. Nikaona kiyoyozi kimezimika, nimekiwasha. Nimekosea?"

"Hapana... hujakosea. Nazungumza na nani?"

Nyuma yake palikuwa na makelele ya watu wengi. Mtoto alilia, mtu alidai kiti cha dirishani.

"Subiri mama, zamu yako inakuja," alimwambia mtu, kisha akashusha sauti. "Bashmuhandisa, mimi nilikuja kuiba tu, Alhamisi. Watu wakaniomba tiketi, nikawakatia. Sasa foleni imefika barabarani. Nyinyi mnarudi lini?"