Mama wa Alhamisi

Jeruto aliusukuma ufagio kwa mguu mpaka ukapotea chini ya benchi, kisha akasimama mlangoni mikono mitupu. Mwanamume aliyekuwa akivuka uwanja wa zahanati alikuwa ameshika kipande cha bomba la chuma.

"Mama Jeruto, si ungebaki hata na huo ufagio!" nesi Immaculate alinong'ona nyuma yake.

"Hapana, sista. Ingia ujifungie ndani na Naliaka. Usimwache peke yake."

Naliaka alikuwa amefika nusu saa iliyopita, bado amevaa koti la kazi la shamba la maua, damu imemkaukia sikioni na mkono wa kushoto unaning'inia. Jeruto ndiye aliyemkalisha. Alimpangusa uso kwa kitambaa cha maji ya vuguvugu, akamvua viatu vilivyojaa matope ili asione haya mbele ya watu. Hakuwa nesi, na hakuna aliyemwajiri. Alikuja kila Alhamisi kufagia, kupiga deki, na kuwashika mkono wale wanaoogopa sindano. Pale Naivasha wagonjwa walimwita Mama wa Alhamisi.

"Sasa, mathe," yule mwanamume alisema. Alikuwa akitabasamu. "Mimi ni Levis. Nimekuja kuchukua bibi yangu. Ameanguka tu kwa ngazi. Si unajua vile yeye hukimbia ovyo."

Jeruto alilijua tabasamu hilo. Alijua na kitakachofuata: kwanza maneno matamu, halafu machozi, halafu mkono.

"Bibi yako anatibiwa. Weka hiyo chuma chini, ukae kwa benchi."

Tabasamu lilimtoka Levis. Midomo ikaanza kumtetemeka, na machozi yakaja, machozi ya kweli.

"Nampenda, mathe. Ni hasira tu. Nikishikwa nayo hata mimi sijijui."

"Najua."

"Huwezi jua!"

"Najua, mwanangu. Na najua sasa utanipiga. Lakini hapa hupiti."

Bomba lilimpata begani. Pigo la pili likatua mbavuni, akasikia kitu ndani yake kikivunjika kama ukuni mkavu. Alishika fremu ya mlango kwa mikono miwili. La tatu lilimpasua juu ya jicho, damu ikamwagika mpaka mdomoni, lakini vidole havikuachia. Levis alimshika nywele akamgongesha kichwa ukutani, mara moja, mara mbili.

"Mwachilie!" Naliaka alilia kutoka ndani. "Levis, mwachilie, natoka!"

Hapo tu ndipo Jeruto alipopaza sauti.

"Usitoke! Ukitoka leo, siku nyingine utaletwa hapa umefunikwa!"

Nje, akina mama waliokuwa wameleta watoto kupimwa uzito walikuwa wamekodoa macho tu. Kisha mmoja wao, Cheptanui, akamkabidhi jirani yake mtoto, akaokota jiwe kando ya ua, akaenda nalo moja kwa moja. Alimpiga Levis kisogoni. Bomba likaanguka.

Baada ya hapo haikujulikana nani ni nani. Akina mama walimvuta Levis mpaka uwanjani. Watu wa bodaboda waliacha pikipiki zao barabarani wakaja mbio. Mateke yalimshukia tumboni na usoni, jino likaruka, mtu akamkanyaga vidole huku akimuuliza kama ni hivyo vilivyompiga mama mzee. Levis alijikunja akimwita mamake.

"Leteni tairi!" mtu alipiga kelele. "Na petroli!"

Jeruto alitambaa. Alipita katikati ya miguu ya watu akiwa amejishika mbavu, akajilaza juu ya kichwa cha Levis. Teke lililokuwa njiani likampata yeye mgongoni.

"Mathe, toka hapo!" Cheptanui alimkemea. "Huyu mnyama karibu akuue, na wewe unamfunika?"

"Apelekwe polisi," Jeruto alisema, damu ikimdondokea Levis shingoni. "Asimame mbele ya hakimu. Mkimchoma hapa, atakufa hata hajajua alichofanya."

"Watamwachilia kesho!"

"Basi nitakuja kortini mimi mwenyewe, na hii mbavu yangu."

Mwendesha bodaboda mmoja, mzee Nicodemus, ndiye wa kwanza kudondosha jiwe lake. Alivua koti lake, akalikunja, akaliweka taratibu chini ya kichwa cha Jeruto. Wengine wakarudi nyuma mmoja mmoja, mpaka gari la polisi lilipofika na kumbeba Levis akiwa hai.

Immaculate alimshona Jeruto nyuzi saba juu ya jicho. Naliaka, mkono ukiwa tayari kwenye plasta, aliketi kando yake akamshikia bakuli la maji.

"Mama," aliuliza. "Ulijua kila kitu, hata kabla hajaanza kulia. Bwana yako naye alikuwa hivyo?"

"Bwana yangu? Mungu amlaze pema. Yule hakuwahi kuniinulia mkono."

"Sasa ulijulia wapi?"

Jeruto alingoja nesi akate uzi.

"Nilikuwa nikimpiga mke wa mwanangu, mpaka siku nilipomvunja taya. Hakimu akanipa kifungo cha nje, miezi sita ya kufagia hapa kila Alhamisi. Iliisha miaka minne iliyopita."