Somo la Kwanza la Mwanakheri

Kijiko kiligonga ukingo wa sufuria mara tatu, taratibu, na Bi Tatu akajua bintiye yuko macho. Alfajiri ilikuwa bado.

Leo Mwanakheri angefundisha somo la kwanza la muhula katika chuo cha uuguzi. Zama hizi mwalimu hasemi kitu. Huvalishwa kofia, na anachokijua humtoka kikaingia vichwani mwa wanafunzi, wala hakimrudii tena. Na aliyeitwa kufundisha hakatai. Somo lenyewe lilikuwa kumtunza mzee nyumbani, na hilo Mwanakheri alijifunza hapa hapa, kando ya kitanda cha mama yake, kwa miaka sita.

Alimnywesha mama uji, akikipuliza kila kijiko kama kawaida yake. Kisha akabandika karatasi ukutani: uji usitiwe sukari; alazwe ubavu wa kushoto; akilia usiku, ashikwe mkono.

"Umesahau moja," Bi Tatu alisema. "Andika kwamba mimi ni mama yako."

"Nimeliandika la kwanza, mama. Juu kabisa."

"Basi liandike kwa herufi kubwa. Wewe na macho yako hayo!"

Wakacheka kidogo. Mwanakheri alimfunika miguu, akachukua mkoba, akasimama mlangoni asitoke.

"Nenda, mwanangu, watoto wa watu wanakungoja," Bi Tatu alisema. "Jioni ukirudi usiponijua, usiogope. Ila kesho, tafadhali, uje tena kunitazama."