Mbaazi za Mama Zuwena

Siku hizi vibanda vya Vingunguti vina majiko ya mashine yanayoongea na kuiga mapishi ya wapishi waliokufa. Asubuhi mimi na binti yangu Zuwena tulipita kwenye sambusa za Kisomali na mtori wa Kichaga, vyote bei ya mnyonge, hadi kwenye jiko linaloiga mapishi ya marehemu mama yake.

Nilionja mbaazi. Ule moshi wa tui lililoshika chini ya sufuria haukuwepo.

“Wateja walilalamika zinanuka kuungua,” jiko likasema. “Nimejirekebisha, kaka.”

“Mke wangu aliziunguza kwa kupiga soga. Ziunguze.”

“Samahani, wengi wamezipenda hivi.”

Zuwena, aliyezaliwa siku mama yake alipofariki, alikuwa analamba sahani.

“Baba, leo mama kapika vizuri kuliko siku zote!”

Nikamsogezea na zangu.