Mjane wa Chumba cha Uani

Bi Zuwena alikwenda kumtoa mpangaji wake, akamkuta amejifunika nguo nyeupe gubigubi, yumo edani.

"Shebe amefia safarini, mama," Mwanakheri akalia. "Mume wangu wamemzika hukohuko. Utanitoaje na mjane hatoki ndani mpaka eda iishe?"

Loh! Machozi ya mwanamke huyu ni ya mfereji, kodi ikidaiwa yanafunguliwa. Juzijuzi aliulilia moto uliounguza duka ambalo halikuwahi kuwepo. Lakini eda ni eda; nani atathubutu kumtupa mjane nje? Bi Zuwena akajibwaga mkekani, vumbi likatimka, akainua mikono kumwombea maiti.

Mvunguni mwa kitanda mtu akapiga chafya, chafya nzito ya kiume, kisha kwa mazoea ya aliyelelewa vizuri akanong'ona: "Alhamdulillahi."



"Yarhamuka-llah," Bi Zuwena akamjibu marehemu kwa upole. Hakuinama kuchungulia. Watu wa namna ile hawakustahili mtu mzima apinde kiuno kwa ajili yao.

"Eda itakaliwa, mwanangu," alisema, "na itakaliwa sawasawa. Mwanamume haingii humu. Wala hatoki."

Akauburura mkeka mpaka mlangoni, akajinyoosha juu yake akiziba kizingiti chote, akamwita jirani amletee kahawa, birika zima. Nyuma yake vumbi la mkeka lilikuwa likiingia mvunguni, taratibu.