Mfuniko wa Tundu la Paa

Mvua ilianza nikiwa juu ya paa la trela yetu ya kulala safarini, uani kwetu Cheektowaga, Marekani. Mkononi nilishika mfuniko wa tundu la hewa.

"Baba Aline, funika! Watoto wanalowa," mke wangu aliita kutoka ndani.

Nilipokuwa mtoto katika kambi ya wakimbizi, Tanzania, mama alimwambia baba yangu maneno hayo hayo. Baba akaziba tundu la paa kwa turubai, jiko la mkaa likiwa ndani. Asubuhi niliamka mimi tu. Mke wangu sijawahi kumsimulia.

Muuzaji aliapa kwamba mfuniko huu unapitisha hewa. Niliweka kiganja juu ya tundu. Joto lilipanda katikati ya vidole, pamoja na harufu ya mkaa.

Niligeuka kutazama kwenye nyasi, nilipoliacha jiko letu la mkaa la kuchomea nyama, likiwa bado linawaka.

Halikuwepo.