Meneja Aliyeleta Viti

Siku meneja Kimeu alipoleta viti, Kaluki alikataa kukaa.

"Huu ni mtego," alisema, akikizunguka kile kiti cha plastiki kama mtu anayekagua mbuzi sokoni. "Miaka yote tunachagua ndengu tukiwa tumechuchumaa. Leo mgongo wangu umemwuma nani?"

Wanawake wakacheka. Walikuwa kumi na wawili katika godauni hilo la ndengu, nje kidogo ya Mwingi. Ilikuwa Februari, magunia yanaingia kutoka mashambani kila siku, na kazi yao ilikuwa kupepeta, kutoa mawe na kutenga zilizotobolewa na wadudu. Nzilani ndiye aliyekaa wa kwanza. Alikuwa na kikohozi, na kuchuchumaa kulimkata pumzi.

"Wewe kataa," alimwambia Kaluki. "Mimi hata kama ni mtego, acha uninase nikiwa nimekaa."

Kimeu hakuwa mtu wa viti. Mwaka uliopita Mulei, mpakiaji wa magunia, alipofariki, ofisi haikupeleka hata kreti ya soda mazishini. Watu walirudi kazini wamekufa moyo. Wawili walihama, waliobaki wakawa wanafika wakijikokota, na mawe yakaanza kupatikana ndani ya ndengu zilizofika Mombasa. Mzee Sharmarke, mwenye godauni, alipiga simu kutoka Garissa akatukana mpaka sauti ikakauka. Ndipo Kimeu akapelekwa semina Kitui mjini, siku mbili nzima, akafundishwe namna ya kuishi na wafanyakazi.

Alirudi mtu mwingine. Baada ya viti ikaja chai ya maziwa saa nne, na mandazi. Akajua majina ya watoto wa kila mtu. Aliyefiwa alipewa siku tatu bila kuulizwa maswali. Hata salamu ilibadilika. Badala ya "Nyinyi hapo!" ikawa "Mwaitu, umeamkaje?" Na mwanamke wa Kikamba akiitwa mama na bosi wake, anauinamia ungo kwa nguvu mpya.

Kitu kimoja tu kilimsumbua Nzilani. Daktari aliyeletwa na ofisi alikuwa amempiga picha ya kifua, na majibu yalikuwa yatumwe kwa meneja. Wiki mbili zilipita. Asubuhi moja akaingia ofisini, akasimama mlangoni na leso mdomoni.

"Bosi, naomba ruhusa niende hospitali kubwa Kitui. Hii kitu hainiachi nilale. Na nina msichana wangu, Kavata, yuko Gredi ya Sita. Hana mtu mwingine ila mimi."

Kimeu aliinuka, akamvutia kiti.

"Majibu yalikuja, Mwaitu. Ni vumbi tu. Nimekununulia asali na barakoa, na kuanzia leo utakaa karibu na mlango upate hewa. Msimu ukiisha, chukua hata mwezi mzima. Lakini ukiondoka sasa, hao wengine watamfuata nani?"

Hilo lilikuwa kweli. Nzilani hakuwa na cheo, lakini mikono yake ndiyo iliyovuta mikono ya wengine. Akianza wimbo wa kanisani, nyungo zote zilienda pamoja. Akinyamaza, kazi ilipoa. Alitoka na chupa yake ya asali, roho imetulia. Vumbi alilijua tangu siku ya kwanza kazini. Kavata alikuwa bado na mama.

Jumatatu iliyofuata Kimeu alikuja na mpiga picha.

"Tumekaa na huyu mama miaka kumi na nne," aliwaambia, "na hatujawahi kumpa heshima yake. Nataka kila mtu hapa awe na tisheti yenye uso wa Nzilani."

"Aiya!" Kaluki akapiga makofi. "Nzilani kwa vifua vya watu kama mgombea! Na kura utaomba lini?"

"Nyamaza. Utanivaa, utanifua, na utanipiga pasi."

Nzilani mwenyewe alicheka mpaka kikohozi kikamkamata, Kaluki akamsugua mgongo. Halafu Nzilani akaenda nyuma ya magunia, akavaa gauni la kwaya alilokuwa ameambiwa alete. Kimeu alimwuliza mwaka aliozaliwa, akauandika kwenye kidaftari.

"Cheka kidogo tu, Mwaitu," alisema. "Uso uwe mtulivu."

Mume wake, kabla hajamwacha, hakuwahi kumpigisha hata picha moja. Nzilani alishika kiti kwa nguvu ili machozi yasitoke kabla kamera haijalia.

Wiki hiyo hakuna aliyechelewa. Magunia safi yalipangwa hadi karibu na dari. Mzee Sharmarke alipiga simu, na safari hii hakutukana.

"Kimeu, hawa watu umewapa nini?"

"Upendo, mzee. Na hata kukitokea jambo, sitapatikana tena bila kitu kama wakati wa Mulei."

"Vizuri. Endelea hivyo hivyo."

Ijumaa mchana ikaja simu nyingine, ya mwenye duka la kuchapisha.

"Bosi, pole sana. Tisheti za mama ziko karibu. Picha imetoka vizuri, na chini yake nimeweka 'Pumzika kwa Amani, Mwaitu Wetu.' Mwaka wa kuzaliwa ninao. Sasa niambie, alifariki tarehe gani?"

Kimeu alitazama dirishani. Nzilani alikuwa amekaa kando ya mlango, ungo mapajani, anaimba, na wanawake kumi na mmoja wanaitikia.

"Hapo acha wazi," alisema, akiisukuma barua ya daktari ndani ya droo. "Wanasema asipolazwa mwezi huu hafiki Pasaka, na mimi ndengu zangu zinaisha Machi."