Kidonge Kisichoonjwa

Gahongayire alikificha kidonge kati ya shavu na ufizi, akameza maji matupu, kisha akafungua mdomo ili mama mkwe wake aone.

"Kimeshuka?" aliuliza Nyirarukundo.

"Kimeshuka, mabukwe."

"Haya. Mungu akuponye, mwanangu."

Mama mkwe akafunga kopo lake, lililoshonewa kitambaa cha kitenge pande zote, akalitia kifuani na kujikokota kwa mkongojo hadi barazani. Gahongayire alisubiri hatua zipotee, akakitemea kidonge kiganjani. Kilikuwa bado kizima.

Mwaka huo wa 1992 ulikuwa wa pili tangu aolewe na Twahiru, fundi cherehani wa mtaa wa Biryogo, na wa pili tangu mwili uanze kumuuma. Uliuma wote: mabega, kiuno, nyonga, mpaka ngozi ya kichwa. Siku nyingine hata kitenge kilikuwa mzigo begani. Daktari alimpiga picha, akampima damu, asione kitu. Akautaja ugonjwa kwa neno refu, fibromialjia, akasema wanawake wengine husaidiwa na vitamini na wengine hawasaidiwi, ajaribu. Lakini tangu vita vianze kaskazini, rafu za maduka ya dawa zilikuwa tupu. Twahiru alizunguka mji mzima hadi Gisimenti, akarudi mikono mitupu.

Ndipo siku moja mama yake akatokea na kopo limejaa vidonge, akisema ni vitamini.

"Umelipata wapi, Mama?" Twahiru aliuliza.

"Weye kula yai, kuku wa nini?"

Jirani yao Jovia alipozisikia habari hizo, aliacha kupepeta mtama. Akashusha sauti.

"Uwera naye aliumwa hivyo hivyo. Mwili mzima, na hospitali hawakuona kitu. Nani alikuwa akimtilia chai? Dada, kikulacho ki nguoni mwako."

Uwera alikuwa mke wa kwanza wa Twahiru. Alifia katika chumba cha uani, ambacho sasa kilikuwa stoo ya makaa.

Gahongayire alijua jambo ambalo Jovia hakulijua. Kila alfajiri, kabla ya adhana, alimsikia mwanamke akilia ndani ya stoo ile. Hakikuwa kilio cha kelele. Ulikuwa mguno mrefu wa mtu aliyeuma nguo. Twahiru hulala kama gogo, hakuwahi kuusikia. Gahongayire alijifunika gubigubi, akingoja sauti ya muadhini imfukuze marehemu.

Tena kulikuwa na suala la kuonja. Kwao, anayekupa kinywaji hukionja kwanza mbele yako, ujue hakina sumu. Nyirarukundo alionja kila alichompa: chai, maziwa, hata maji ya kumezea dawa. Kidonge tu ndicho hakukionja kamwe.

"Mabukwe, mbona hiki hukionji?" alimuuliza siku moja, akijitia kucheka.

Mama mkwe alikitazama kidonge, akameza mate.

"Nikionja kimoja leo na kimoja kesho, weye utapona kwa kipi?"

Siku hiyo Gahongayire alikata shauri. Hatakufa kama Uwera. Mchimba kisima na aingie mwenyewe.

Tangu hapo, kila asubuhi alikisaga kidonge kwa kitako cha glasi, akapika uji wa mtama. Mbele ya mama mkwe alionja kwanza, kama ilivyo desturi. Kisha aligeuka kuchukua sukari, akaikoroga ujini pamoja na unga wa kidonge.

"Una mkono wa uji," Nyirarukundo alisema, akilamba kijiko. "Nilidhani Twahiru kaoa mgonjwa, kumbe kaoa mpishi."

Gahongayire alicheka.

Wiki ya sita, kilio cha stoo kilipungua. Wiki ya kumi kikakoma kabisa. Gahongayire alilala macho, akausikiliza ukimya ule, nao ukamtisha kuliko kilio. Uwera ameridhika, alijiambia. Ameona kisasi chake kimeanza. Mifupa yake mwenyewe ilikuwa ingali inawaka moto, lakini alivumilia. Alikuwa anangoja mtu mmoja aanguke.

Mwezi wa tatu ulipokuwa unaisha, alimkuta Nyirarukundo akitoka bombani na dumu la maji kichwani, shingo wima kama msichana.

"Mabukwe! Mkongojo uko wapi?"

"Nimepikia maharage," alijibu, akacheka mpaka maji yakamwagika. Akatua dumu, akatazama huku na huku. "Sasa nikwambie siri. Mwili huu umeniuma miaka kumi, kama huo wako. Alfajiri nilikuwa naenda kulia stoo, nauma kitenge, nisiwatie hofu. Siku hizi nalala hadi adhana. Sijui ni dua, sijui ni uji wako."

Gahongayire aligeuka kuutazama mlango wa stoo.

"Na weye, mwanangu, wapata nafuu?" Hakungoja jibu. Alitoa kopo kifuani na kulitikisa, halikulia. "Vimeisha. Chukua, mumeo atie vifungo."

Gahongayire alilipokea kwa mikono miwili. Mama mkwe alipoingia ndani, alikata uzi kwa meno na kulivua kopo kitambaa chake. Chini yake palikuwa na karatasi ya zahanati, imebandikwa, kwa mwandiko wa nesi:

Nyirarukundo, miaka sitini na mitatu. Kimoja kila asubuhi. Asimpe mtu mwingine.